Nilidhani Ana Nyumba Ndogo, Kumbe Rejeta!

Hebu nikuulize. Mafuta ya elfu thelathini yanakufikisha wapi? Mimi mwaka 2023 yalikuwa yananiishia hapa hapa Chato mjini. Nyumbani, kazini, sokoni, kanisani, basi. Naweka Jumatatu, Jumatano taa ya njano imeshawaka. Na mwanamke akiona mafuta yanaisha huku hajui gari limekwenda wapi, kichwa kinaanza kupiga hesabu zake chenyewe.

Hesabu zangu nilikuwa nazo. Baba watoto alikuwa analichukua gari jioni, "naenda kumwona jamaa mara moja", anarudi saa tatu za usiku, kimya, anakula, analala. Shoga zangu wa saluni walishanimalizia kazi: "Huyo ana mtu Muganza, dada, amka!" Mmoja akanishauri niwe naandika kilometa za kwenye dashibodi kabla hajatoka. Nikaandika. Nikaona katembea kilometa tisa tu. Kilometa tisa na tanki limeshuka vile! Shoga yangu akasema wajanja wanajua kuchomoa hiyo kitu ya kuhesabu kilometa. Yaani nilikuwa tayari kuamini lolote, isipokuwa kwamba gari lenyewe ndilo linalokunywa.

Gari lenyewe ni Carina ya mwishoni mwa miaka ya tisini, tulilinunua mwaka 2019 kwa mwalimu aliyehama. Watoto wanaliita Bibi. Mkweche, lakini letu. Shida yake kubwa ilikuwa kuchemsha. Ukipanda kilima kidogo tu, mshale wa joto unakimbilia juu, unasimama pembeni, unasubiri lipoe, unaongeza maji, unaondoka. Mwanzoni mwa mwaka ule zamu yangu ya upatu ilipofika nilipokea laki nne, nikampa zote mkononi. Nikamwambia, baba, nenda Katoro ukanunue rejeta nyingine, hii imekufa.

Akaenda, akarudi baada ya siku mbili. "Limepona," akasema. Na kweli, nikiendesha mshale umelala chini kabisa, hautikisiki, kama mtoto aliyeshiba uji. Nilifurahi, nikampikia sato wa nazi, na nazi huku kwetu unajua bei yake.

Nikuambie jambo ambalo sikulijua siku ile. Gari zima likishapata moto, mshale wake hupanda hadi karibu na nusu na kutulia pale. Mshale usionyanyuka hata kidogo mchana kutwa ni wa kutilia mashaka kuliko unaopandapanda.

Basi, mwezi wa kumi mama mkwe alikuwa na kliniki ya macho Bugando, Mwanza. Jicho moja walishamfanyia upasuaji, la pili alikuwa anasubiri. Mume wangu alisema ana kazi, niende naye mimi. Tukatoka saa kumi na moja alfajiri, maana enzi hizo daraja halijafunguliwa, ilibidi uhesabu na foleni ya kivuko pale Busisi. Tulipita Buseresere, tukapita Katoro, na kwenye vilima vya kuelekea Geita mjini gari likaanza kumisi. Nakanyaga mafuta, halivuti, linakohoa.

Mama mkwe akasema kutoka kiti cha nyuma, "Mkwe, nasikia harufu ya kitu kinaungua."

Nikatazama mshale. Umelala. "Hamna kitu, mama. Ni malori haya."

"Haya," akasema. Baada ya muda, "Bado nasikia."

Mwenye jicho moja ndiye aliyekuwa anaona. Kabla sijafika juu ya kilima moshi mweupe ukatoka kwenye boneti kama sufuria ya makande, gari likazima lenyewe.

Vijana wa bodaboda hawachelewi. Mmoja alishafungua boneti, ameshika kitambaa, anataka kuzungusha mfuniko wa rejeta. Bahati kuna dereva wa Fuso alikuwa amesimama nyuma yetu, akapiga kelele, "We kijana, acha! Unataka kuungua uso?" Yale maji ndani yamebanwa na presha. Ukifungua yakiwa ya moto yanaruka yote kwa mara moja, na wapo watu wana makovu ya kudumu kwa sababu hiyo. Akatuambia tusubiri hadi mpira wa juu wa rejeta uminyike kwa mkono bila kuunguza. Tulikaa karibu saa nzima chini ya mti. Kisha akafungua polepole, akawasha gari, akamimina maji kidogo kidogo injini ikiunguruma. Alisema maji baridi ukiyamwaga kwa pupa kwenye injini ya moto unaweza kupasua silinda hedi, na hapo unatafuta injini nyingine.

"Sasa mama, washa hita, weka mwisho."

Hita? Na jua lile? Nikajua ananitania. Kumbe hita inatumia joto lile lile la maji ya injini, ukiiwasha inakuwa kama rejeta ndogo ya pili. Tukageuza kurudi Katoro taratibu, vioo vyote vimeshushwa, hita inatupulizia miguuni, jasho linatutoka kama tunapika pombe. Mama mkwe hakulalamika hata mara moja. Kliniki ndiyo tulishaikosa.

Fundi wa Katoro alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, ovaroli halina rangi tena. Akalitazama gari, akanitazama mimi. "Shemeji, hili nalijua." Moyo ukanipiga paa.

Akaanza kunionyesha kimoja kimoja. Rejeta ilikuwa ile ile ya zamani. Akaniambia niguse juu, moto. Niguse chini, baridi. Maana yake imeziba, maji hayapiti. Tulikuwa tunaijaza maji ya kisima miaka yote badala ya kulanti, yaliyotoka ndani yalikuwa na rangi ya chai ya kutu. Mfuniko springi yake imelegea. Hili la mfuniko lilinishangaza. Ukiwa Dar, maji ya sufuriani huchemka nyuzi 100, lakini Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na huku kwetu maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Injini nayo hufanya kazi kwenye nyuzi 85 mpaka 95. Ona palivyo karibu! Kinachotuokoa ni ule mfuniko kuyabana maji, na yakibanwa huchelewa kuchemka mpaka kwenye nyuzi 115 na zaidi. Mfuniko wa bei ya kuku mmoja.

Kisha akafungua sehemu ya termostati. Hamna kitu, tupu. Ile ni kama kimlango. Hufungia maji mpaka injini ipate joto, ikifika nyuzi 82 hivi inayaachia yaende kwenye rejeta. Mafundi wetu wengi gari likichemsha wanaing'oa wakidhani wamemaliza tatizo. Matokeo yake, ukiwa kwenye njia ya tambarare injini haipati moto wake, kompyuta inadhani bado ni asubuhi ya baridi, inaendelea kumwaga petroli. Ukipanda kilima, rejeta imeziba vile vile, linachemsha kama kawaida.

"Kwa hiyo mafuta..." nikasema.

"Mafuta linakunywa, shemeji. Hata likiwa limesimama linaunguruma, linakunywa."

Nilikaa kwenye tairi. Muganza yangu yote ikayeyuka pale pale. Kule kumisi nako kulikuwa filta ya mafuta, alipoigonga chini ikatoa uchafu kama mchanga. Akaniambia kutembea na taa ya njano kila siku si uchumi, pampu ya mafuta iko ndani ya tanki na inapozwa na petroli yenyewe, ukiiacha ikauke inaungua.

"Na mshale?" nikauliza. "Mbona ulikuwa umelala?"

Hapo akawa mzito kujibu. Akainama, akanivutia waya mmoja mwembamba uliofungwa utepe mweusi, vizuri kabisa, kwa utulivu. "Huu haujakatika, shemeji. Umechomolewa. Ule wa kompyuta kauacha, kachomoa wa mshale tu."

Nikampigia simu. "Ulichomoa waya wa mshale?"

Kimya. Halafu, "Sikutaka upate presha."

"Nimembeba mama yako, baba watoto."

Kimya tena. Laki nne yangu ilikuwa imeingia kwenye duara, shimo la dhahabu alilokuwa anagharamia chakula cha wachimbaji yeye na jamaa zake, wakisubiri mwamba utoe. Mwamba haukutoa. Zile jioni alikuwa anakaa kwa jamaa mmoja wanapiga hesabu za kurudisha hela kabla sijajua. Ukweli wa Mungu, kwa nusu saa nilitamani ingekuwa ni mwanamke. Mwanamke ningejua pa kuanzia.

Nilipomweleza mama mkwe, hakushangaa. Akafunga kanga yake vizuri, akasema, "Baba yake naye alikuwa hivyo. Nyumba ikivuja, anahamisha kitanda."

Usiku ule alimwita mwanae, akamkalisha kwenye kigoda kama mtoto. Aliyomwambia sitayaandika hapa, mengine aliyasema kwa Kisukuma na sikutakiwa kuyasikia. Mimi nililala chumba cha watoto wiki mbili. Kliniki tulipewa tarehe nyingine baada ya wiki sita, na hizo wiki sita mama alikuwa anaulizwa kila asubuhi kama anaona, naye anajibu, "Naona vya kutosha."

Duara halikurudisha kitu. Mume wangu aliuza baiskeli na redio, akaongeza mshahara, tukanunua rejeta ya mtumba, mfuniko mpya, termostati mpya, kulanti, plagi na filta zote. Waya aliurudisha mwenyewe, nimesimama namtazama. Sasa tuna daftari kwenye gari. Kila anayeweka mafuta anaandika lita na kilometa. Zamani lita 10 zilikuwa zinatufikisha kilometa 80 kwa shida, sasa ni 115 hivi. Kuna siku naliangalia lile daftari hata kama sina haja, na anajua kwamba naliangalia. Hajawahi kulalamika. Pengine siku moja nitaacha, sijui.

Daraja la Kigongo hadi Busisi lilifunguliwa tarehe 19 Juni 2025, kilometa tatu juu ya maji. Agosti tulimpeleka mama Bugando tena kupimwa, safari hii tuko wote watatu, na wakati wa kurudi naendesha mimi. Katikati ya daraja baba watoto akainama kuchungulia dashibodi. "Uko chini ya nusu kidogo," akasema.

"Nimeuona."

Tulipokuwa tunamalizia upande wa Busisi mama akasema kutoka nyuma, "Nasikia harufu."

Mguu wangu ulikuwa kwenye breki kabla hajamaliza. Mume wangu ameshafungua mlango.

"Ya samaki wa kukaanga," mama akasema. "Kaeni pembeni ninunue wawili."