Mama wa kambo katika rasimu ya tano

Katika rasimu ya kwanza ya riwaya yetu, mama wa kambo hakuwa na jina. Aliitwa "yule mwanamke" kuanzia sura ya pili hadi ya mwisho. Aliingia nyumbani na sanduku la bati, siku ya tatu akaziondoa kanga za marehemu kabatini, akapika chakula ambacho watoto hawakukigusa, na hayo ndiyo yaliyokuwa maisha yake yote kitabuni. Tulikuwa tumeandika kama mtoto aonavyo, akichungulia penye ufa wa mlango. Kazi ya rasimu ya kwanza ndiyo hiyo: kumwaga kilichomo kifuani kabla hakijasahaulika.

Sisi tunaoiandika ni ndugu wawili wa tumbo moja. Mama wa kambo aliyetutia wazo la kitabu yu hai, Alhamdulillah, na anaishi nasi, ingawa macho yake hayaoni tena herufi ndogo. Basi kila tufunguapo daftari tunajua kwamba chumba cha pili yumo mtu ambaye jirani wote watamtambua. Sura ya Hujurat imetukataza dhana mbaya na kusengenyana, wala hatukuona mahali iliposema kwamba riwaya imesamehewa.

Aliyetufunza zaidi namna ya kuandika upya ni Mrusi, na kitabu chake kinamhusu Mwislamu. Mwishoni mwa mwaka 1851 Leo Tolstoy alikuwa kijana wa miaka 23 huko Caucasus, habari zilipoenea kwamba Hadji Murat, naibu mashuhuri wa Imam Shamil, amejisalimisha kwa Warusi. Tolstoy alimwandikia ndugu yake barua, akausifu ushujaa wa mtu yule, kisha akakiita kitendo chake kuwa cha aibu. Kwetu sisi hiyo ndiyo rasimu ya awali kabisa ya kitabu: hukumu ya sentensi moja, iliyotolewa na kijana aliyesikia habari mjini.

Mwaka 1896 Tolstoy, sasa mzee, aliona shambani gugu la miiba lililopondwa na gurudumu la mkokoteni, limevunjika lakini limekataa kulala. Akamkumbuka Hadji Murat, akaanza kuandika. Alikiacha kisa hicho na kukirudia mpaka mwaka 1904. Wataalamu wamehesabu rasimu 10 na karatasi zaidi ya 2,000, kwa kitabu ambacho ukikishika mkononi ni chembamba. Kilichapishwa mwaka 1912, mwenyewe akiwa kaburini.

Lakini wingi wa karatasi haukutushangaza sana. Mwenye subira huzijaza. Kilichotushika ni maswali yake. Mwanzoni mwa mwaka 1903, akiwa na miaka 74 na jina lililoenea duniani, alimwandikia bibi mmoja ambaye mumewe alikuwa mkuu wa Nukha, mji ulioko Azerbaijan ya leo. Huko ndiko Hadji Murat alikokaa siku zake za mwisho, kabla ya kutoroka na kuuawa mwaka 1852. Tolstoy hakumwuliza bibi yule kuhusu vita wala siasa. Aliuliza: je, alikuwa akisema Kirusi hata kidogo? Farasi aliotaka kutoroka nao walikuwa wa nani? Alikuwa akichechemea? Je, alizishika kwa nguvu ibada za dini yake na swala tano? Akaomba radhi kwa kumsumbua na mambo madogo kama hayo.

Na mambo madogo hayo ndiyo yaliyomgeuza mtu. Katika kitabu kilichokamilika Hadji Murat anachechemea, anatawadha, anaswali, anawaza juu ya mama yake, wakeze na mwanawe Yusuf waliozuiliwa na Shamil. Anapotoroka, anatoroka kwa ajili yao. Neno lile la mwaka 1851, aibu, halina tena mahali pa kukaa. Hatumfuati Tolstoy kila alipokwenda: Shamil wake ni mkavu, amewekwa karibu mizani moja na mfalme Nicholas wa Kwanza, na msomaji Mwislamu atahisi kwamba Imam naye alistahili kuulizwa maswali madogo.

Tukasema, basi nasi tuulize. Haikutuonea haya kuandika tena na tena; sisi tuliosomeshwa madrasani kwa madhehebu ya Imam Shafii tulijua tangu utotoni kwamba zipo kauli zake za kale, za Iraq, na kauli mpya, za Misri, na kwamba hata Risala aliiandika upya alipofika Misri. Kama imamu alirudi kwenye karatasi yake, waandishi wa riwaya ni nani wasirudi?

Jioni moja baada ya jioni nyingine tulikaa na Mama barazani. Ulifika saa ngapi siku ile? Ulilala chumba gani? Kanga zile ulizipeleka wapi? Kanga, alisema, alizifua, akazikunja ndani ya sanduku lake la bati pamoja na majani ya mwarobaini, kwa sababu kabati lilikuwa na mchwa. Zimo hadi leo; alituonyesha. Katika rasimu ya tatu sanduku lile lilikuwa limekwisha kuwa kitu kingine, nasi hatukubadilisha hata neno moja katika maelezo yake.

Kisha tukauliza swali lililoonekana dogo kuliko yote: uliambiwa tuko watoto wangapi?

"Niliambiwa wawili," alisema. "Nikakuta wanne, na mdogo ana surua."

Hakusema kwa uchungu. Aliendelea kuchambua mchele. Lakini sisi tulitazamana, maana katika rasimu zote tatu baba alikuwa nguzo ya nyumba, mtu wa msikiti na neno moja. Mhusika mmoja akisogea, wengine hawabaki walipokuwa. Tulikuwa tumempa mama wa kambo sababu, na sababu hiyo ilikuwa imetoka mfukoni mwa baba.

Hapa tulitofautiana. Mmoja wetu alisema marehemu hutajwa kwa wema wake, na kitabu si mahali pa kumweka baba kizimbani. Mwingine alisema ukilificha hilo, utambebesha mama wa kambo mzigo wake mara ya pili. Katika rasimu ya nne tulijaribu njia ya kati: hesabu ya uongo tukaitia kinywani mwa mshenga. Ikawa nyepesi, na sura ikafa. Hakuna aliyemwamini mshenga yule, hata sisi. Katika rasimu ya tano amerudi baba mwenyewe, mjane wa miezi minane, mwenye watoto wanne na hofu kwamba hakuna mwanamke atakayekubali wanne. Anasema wawili. Hatukumtetea wala hatukumhukumu. Tumemwandika akiswali rakaa mbili usiku ule na kushindwa kulala. Hatujui kama tutaiacha sura hiyo itoke. Hilo tumeliweka mikononi mwa mwenyewe aliyeambiwa wawili.

Tulimsomea sura nzima Alhamisi moja baada ya Isha. Alisikiliza amefumba macho, tasbihi mkononi. Tulipofika mahali pa baba, vidole vilisimama kidogo, kisha vikaendelea. Mwisho tulimwuliza kama kuna la kuondoa.

"Siku ile sikupika papa," alisema. "Papa ningempata wapi, mgeni kama mimi? Nilipika kunde."

Basi papa ametoka, kunde zimeingia. Na kwa kuwa kunde hukawia jikoni, tumelazimika kuziandika upya kurasa tatu zinazofuata, kwa sababu watoto wale wanne sasa wanakula wamechelewa, taa imekwisha kuwashwa, na mdogo amelala mapajani mwake kabla chakula hakijaiva.