Mkono Niliouachia

Katika gazeti letu mmezoea kusoma habari za michezo na za safari. Leo naomba nafasi ndogo niwape habari ya barabara ya mtaani kwetu, Morogoro, na ya kosa langu mwenyewe, ili lipate kuwafaa wengine.

Nilipokuwa mdogo barabara hiyo ilikuwa ya udongo. Ilijaa mashimo, na gari lilikwenda polepole kama mtu mwenye mwiba mguuni. Sisi watoto tuliifanya kiwanja cha mpira. Baadaye ikatiwa lami, tukafurahi sote kwa maana vumbi liliisha. Lakini pamoja na lami ulikuja mwendo wa kasi. Magari na bodaboda zilipita kama mshale, nasi tukaendelea kucheza pale pale kana kwamba hakuna kilichobadilika.

Mwaka 2021 nilikuwa darasa la saba, na mdogo wangu wa kike darasa la kwanza. Kila asubuhi Mama aliniambia, "Mshike mwenzio mkono mpaka shuleni." Asubuhi moja niliwaona rafiki zangu ng'ambo ya barabara. Nikauachia mkono wake, nikavuka mbio. Naye akanifuata, kwa maana ndivyo alivyozoea. Nilisikia breki za pikipiki, kisha kilio.

Mguu wake ulivunjika. Watu walikusanyika wakataka kumpiga yule kijana wa bodaboda, wakisema kosa ni lake peke yake. Mimi nilijua, lakini nilinyamaza. Hilo likawa kosa langu la pili.

Usiku sikulala. Kulipokucha nilimweleza Baba kweli yote. Alinitazama kitambo, akasema, "Haya, tutakwenda wote, ukamwambie yeye hivyo hivyo." Tulikwenda. Yule kijana alinisikiliza, kisha akasema, "Nami nilikuwa nakwenda mbio, mdogo wangu. Tumekosa sote wawili."

Maneno yale nimeyafikiri sana, hasa tangu nilipojifunza fizikia hapa shuleni. Chombo kinachokwenda kilomita 50 kwa saa hupita karibu mita 14 kwa sekunde moja. Basi, dereva akikawia sekunde moja tu kabla ya kukanyaga breki, mita hizo zimekwisha pita, na mtoto yuko mbele yake. Kwa kilomita 30 angepita mita 8 tu. Tena mwendo ukizidi mara mbili, nguvu ya kugonga huzidi mara nne. Ndiyo sababu wazee walisema haraka haraka haina baraka.

Nasi tuendao kwa miguu tuna wajibu wetu. Katika nchi yetu magari hupita kushoto; basi pasipo na njia ya miguu tutembee upande wa kulia, tuyaone yanayokuja. Kabla ya kuvuka tutazame kulia, kushoto, na kulia tena. Tusivuke nyuma ya basi lililosimama. Usiku tuvae nguo nyeupe. Na anayempeleka mtoto amshike kiganja chote, si vidole, naye mtoto awe upande ulio mbali na magari.

Wazazi nanyi nawaomba jambo moja: watoto watafutieni mahali pengine pa kuchezea, maana lami si kiwanja. Mtaani kwetu wazee walikutana wakaandika barua kuomba matuta. Ilichukua muda mrefu, lakini matuta yaliwekwa, na sasa magari hupunguza mwendo karibu na shule.

Mdogo wangu alipona, na sasa anakimbia kunishinda. Lakini kila likizo tunapofika ukingoni mwa barabara ile, yeye husimama kwanza, akanyosha mkono wake bila kunitazama. Nami huushika, wala siuachii mpaka tumefika ng'ambo.