Maisha Yangu Kati ya Ombi na Jibu

Niliingia katika kazi ya kumbukumbu za afya kabla ya ugatuzi wa 2013, wakati vituo vingi vya Kitui na Makueni vilihesabu wagonjwa kwa vistari vya kalamu kwenye fomu za karatasi. Mwisho wa mwezi tulijumlisha vistari, kisha tukaingiza jumla kwenye DHIS2, mfumo ambao Kenya ilianza kuutumia kitaifa mwaka 2011. Baadaye ikaja KenyaEMR, programu ya rekodi za wagonjwa iliyojengwa juu ya OpenMRS, mradi ulioanza 2004 na kupata watumiaji wake wa mwanzo Eldoret. Mifumo hii yote imeandikwa kwa Java. Nikaona kwamba nisipoijua Java ya upande wa seva, nitabaki mtu wa kuzima na kuwasha mashine.

Nikaanzia chini kabisa, kwenye sevleti. Hii ni programu ya Java inayokaa ndani ya seva ikingoja maombi. Karani akibonyeza kitufe cha kutafuta, kivinjari hutuma ombi la HTTP hadi kwenye kontena, yaani programu inayoendesha sevleti, ambayo kwetu ilikuwa Tomcat iliyosikiliza kwenye poti 8080. Kontena husoma anwani, huamua ni sevleti ipi inayohusika, kisha huikabidhi vitu viwili: ombi lenyewe, na jibu tupu la kujazwa. Anayetaka kusoma rekodi huhudumiwa na sehemu ya sevleti iitwayo doGet; anayeleta fomu ya mgonjwa mpya huhudumiwa na doPost. Hata Spring, zana ya Java iliyo ndani ya OpenMRS, ina sevleti moja mlangoni inayopokea maombi na kuyagawa.

Umuhimu wa misingi hiyo niliuona katika kituo kimoja kilichokuwa na programu ndogo ya usajili, iliyoandikwa na fundi wa mkataba. Siku za kawaida haikuwa na neno. Siku za kliniki, foleni ikifika langoni, majina yalichanganyika. Karani wa miaka mingi aliniita dirishani kwake.

"Kijana, hebu njoo uone. Naandika nambari ya mzee huyu, naletewa jina la mtoto wa dirisha la pili."

"Mama, rudia tena," nikamwambia, "na wenzako wa pale wabonyeze pamoja nawe."

Wakabonyeza. Jina likahama tena.

Nilifungua msimbo nikaiona kasoro juu ya doGet. Kigeu cha nambari ya mgonjwa kilikuwa kimetangazwa kuwa mali ya sevleti nzima. Kwa kawaida kontena huunda nakala moja tu ya sevleti na kuiita init mara moja. Baada ya hapo nakala hiyo hiyo huwahudumia watu wote kwa pamoja, kila ombi likiwa na uzi wake wa utekelezaji. Ni sawa na karani anayehudumia madirisha mawili huku akiandika nambari zote mahali pamoja kwenye kiganja: ya pili hufuta ya kwanza kabla faili haijatolewa. Tulikihamishia kigeu ndani ya doGet, ambako kila uzi huwa na chake. Walipobonyeza tena kwa pamoja, kila dirisha lilipata mgonjwa wake.

Toka siku hiyo nilikagua kila programu kwa swali moja: taarifa ya mtu huyu inakaa wapi, na nani mwingine anaweza kuifikia? Ndiyo maana nilikazania pia suala la vikao, yaani muda ambao mfumo unamkumbuka mtumiaji aliyeingia. HTTP yenyewe haikumbuki kitu kati ya ombi na ombi. Anayekumbuka ni kontena, kwa kumpa kila mtumiaji kuki iitwayo JSESSIONID. Tomcat huacha kikao kisichotumika kiishi dakika 30, ila unaweza kupunguza muda huo. Pale ambapo kompyuta moja hutumiwa na watu kadhaa na skrini iko karibu na benchi la wagonjwa, niliupunguza, kwani hali ya mtu ya VVU haifai kusomwa na anayepita.

Umeme nao ulinifunza mengi, hasa upande wa Mutomo na Ikutha, huko Kitui. Seva ikizimwa kwa utaratibu, kontena huiita destroy ili sevleti ifunge kazi zake. Umeme ukikatika ghafla, destroy haiitwi. Kwa hiyo niliwasisitizia waandishi wa programu kwamba doPost isitoe jibu la "imehifadhiwa" kabla hifadhidata haijathibitisha.

Sasa nawapokea wanafunzi wanaokuja kwa mafunzo ya kazini, wengine kutoka Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, pale Kwa Vonza. Wanakuja wakijua zana nyingi za kisasa, na nafurahi. Hata hivyo, kila mmoja nampa kazi ya kuandika sevleti moja kwa mkono, kuiweka kwenye Tomcat, kisha kuiita kutoka kompyuta mbili kwa wakati mmoja. Nataka aone kwa macho yake kinachotokea chini ya zana zile. Mama aliyetembea kutoka kijijini hadi zahanati hana namna ya kukagua msimbo wetu. Ni jukumu letu kuhakikisha kwamba ombi lililotumwa kwa jina lake linarudi na rekodi yake, si ya mwingine.