Tulivyotia Mafuta ya Alizeti Kwenye Rejeta ya Baba Mkwe



Leo hatuzungumzii hina wala gauni. Tunazungumzia gari, na aibu yetu wenyewe. Mdogo wetu ametupa ruhusa ya kusimulia, maana yeye ndiye aliyekuwa bibi harusi, na katika kisa hiki yeye ndiye aliyefanya jambo la maana. Sisi dada zake wawili hatukufanya.

Mdogo wetu ameolewa Singida. Nikaha ilisomwa kwetu Unguja, kisha tukamsindikiza ukweni: boti mpaka Dar es Salaam, halafu basi siku nzima kupitia Morogoro, Dodoma na Manyoni. Kwa sisi tuliozoea bahari, Singida ni dunia nyingine. Mji uko juu, kama mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, upepo mkavu, mawe makubwa yamepandana kama yamepangwa na mtu. Maziwa yake mawili, Singidani na Kindai, yana maji ya chumvi. Na barabarani kote kunauzwa mafuta ya alizeti, kwenye chupa na madumu, yanang'aa juani kama asali.

Siku ya tano baba mkwe alitupa gari lake tumpeleke mwali akamsalimie bibi wa mume, upande wa Shelui, chini ya mlima Sekenke. Mume alikuwa kazini, lakini mmoja wetu ana leseni na huendesha kila siku. Kabla hatujaondoka mzee akatuita.

"Wanangu, rejeta inavuja kidogo. Kwenye buti kuna dumu, nimeshachanganya maji na kulanti. Mkiona mshale wa joto umepanda, simameni, gari lipoe, muongeze."

"Sawa baba, in shaa Allah."

Bibi alitupokea kwa furaha ambayo hatutaisahau. Tulipoaga alitufungia kuku wawili na dumu la lita tano la mafuta ya alizeti ya shamba lake mwenyewe. Tukalitia kwenye buti, tukapanda garini.

Sekenke kwa kuteremka ni rahisi. Kwa kupanda tulikuwa nyuma ya malori ya mizigo, mwendo wa kinyonga, gia ndogo. Mshale ukaanza kupanda. Tulipomaliza mlima tukasimama pembeni, tukafungua boneti, tukatandika khanga tukasali Magharibi huku gari likipoa. Hapo tulijiona tuna akili sana, kwa sababu hatukufungua mfuniko ukiwa wa moto.

"Kaeni dada zangu, nitatia mimi," akasema mdogo wetu. Mmoja wetu akammulikia kwa simu. Akachukua dumu la njano, akamimina, kama lita moja na zaidi. Yaliingia kimya kimya, bila ile sauti ya maji. Hatukutilia maanani.

Tulipita Misigiri. Hatukufika mbali, mshale ukapanda tena, sasa karibu na alama nyekundu. Bahati kulikuwa na fundi kwenye kijiji cha njiani. Akasubiri gari lipoe, akafungua, akachovya kidole, akakisugua, akanusa.

"Dada zangu, mmetia nini humu?"

"Maji ya rejeta."

"Humu mnaweza kukaanga maandazi."

Tulicheka, kisha tukafungua buti. Madumu mawili ya njano, sawasawa kama pacha, yote zamani yalikuwa ya mafuta ya kupikia. Hapo kicheko kikakatika.

Fundi alitueleza kwa subira, na tunawapa maneno yake kwa lugha ya jikoni. Kazi ya maji ndani ya injini ni kubeba joto, kulipeleka kwenye rejeta lipoe, kisha kurudi kubeba jingine. Mafuta hubeba kama nusu tu ya joto linalobebwa na maji ya uzito ule ule. Nyote mnajua sufuria ya mafuta inavyowahi kupata moto kuliko ya maji. Tena pampu ikiyapiga pamoja na maji na kulanti, hugeuka kitu kizito kama tui la kwanza, kikagandia kwenye vijia vyembamba vya rejeta na kuviziba. Na mipira ya rejeta haipatani na mafuta, hulainika na kuvimba.

Kulanti nayo si urembo. Huku juu maji hayasubiri nyuzi 100 ili yachemke. Kwenye mita 1,500 huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Kulanti, pamoja na ule mfuniko unaobana, ndivyo vinavyoyazuia yasichemke mapema, na kulanti huzuia kutu pia.

Dawa ilikuwa tunayoijua sote: sabuni ya kuoshea vyombo na maji ya moto. Fundi alimwaga kila kitu, akatia maji ya sabuni, akawasha injini, akamwaga, akarudia. Mara nne. Mara ya kwanza yalitoka meupe mazito, ya mwisho yakatoka na povu tu. Tukataka kujaza maji ya kisima cha karibu, akakataa. Maji yale yana chumvi, akasema, na huacha ukoko kama ule wa ndani ya birika. Akatutafutia maji mengine, akayachanganya na kulanti iliyobaki kwenye dumu la mzee.

Kisha akatuambia neno lililotukaa kooni njia nzima: "Hii ni ya kuwafikisha nyumbani tu. Mzee alisafishe tena, abadilishe mipira, aangalie na thamostati. Akisafiri nalo hivi hivi, mafuta yaliyobaki yataziba, litachemka, litaunguza gasketi."

Sasa tufike kwenye aibu yetu. Ndani ya gari sisi wakubwa tulianza kupanga maneno. Tuseme gari lilichemka, fundi akaongeza maji, basi. Si uongo, tukasema, ni kupunguza tu. Tulimwonea huruma mwali wa siku tano. Tuliwaza watakaosema watu wa visiwani wanajua udi na hina, zaidi ya hapo hawajui kitu. Tukamwambia, "Mdogo wetu, stara ni jambo jema."

Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Jumatatu baba anakwenda Dodoma na gari hili."

Hakuongeza neno, na sisi hatukupata la kumjibu.

Tulifika baada ya Isha. Mzee alikuwa amekaa nje akitusubiri. Mdogo wetu alishuka kwanza.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Mbona mmechelewa?"

"Baba, nimeharibu. Nimetia mafuta ya bibi kwenye rejeta."

Akaeleza yote, mpaka alilosema fundi kuhusu mipira na gasketi. Mikono yake ilikuwa inatetemeka. Mzee hakusema kitu. Aliomba aletewe madumu yote mawili, akayaweka chini ya taa, akayatazama. Tulingoja ukali. Badala yake uso ulimbadilika, akamwita mkewe.

"Mama, hili la kulanti ungelikuta jikoni, ungelijua?"

Mama mkwe akalishika, akatikisa kichwa.

Sisi wenyewe hatukuwa tumeliwaza hilo. Kulanti ina sumu inayoua figo, na mbaya zaidi, ladha yake ni tamu, hata mtoto hawezi kuitema. "Lingeingia jikoni leo," mzee akasema, "kesho tungekuwa tunazika. Aliyetia sumu kwenye dumu la chakula ni mimi." Usiku ule ule alilimwaga lililobaki, akalitoboa dumu kwa msumari.

Jumatatu alikwenda Dodoma kwa basi. Gari lilikwenda gereji, likasafishwa tena, likabadilishwa mipira na thamostati. Tulitoa mchango kutoka nauli yetu. Mzee aliukataa, tukamwachia mama mkwe kimyakimya.

Wapenzi, tulimfunda mdogo wetu sisi wenyewe. Tulimfundisha kupika, kujifukiza, kusema na wakwe kwa upole, kuficha siri za nyumba. Hatukumfundisha kusema "nimeharibu". Na stara tuliyomtajia garini haikuwa stara. Kasoro yako na Mola wako, ifiche na utubu. Lakini mali ya mtu iliyoko mkononi mwako ni amana, na ukiiharibu kisha ukanyamaza, atakayeumia ni yule aliyekuamini. Sisi tulikuwa tayari kumpandisha mzee wa watu njiani na gari bovu ili mwali wetu asionekane mjinga.

Kwa hiyo, bibi harusi mtarajiwa, pamoja na hayo mengine: kulanti, mafuta ya taa na dawa yoyote visikae kwenye chombo cha chakula, hata kwa siku moja. Andika jina juu ya dumu. Kabla ya kumimina, nusa na utazame. Ukikosea kabla injini haijawashwa, usiwashe, mwite fundi akiwa bado anaweza kumwaga tu. Na ukishakosea, sema siku ile ile.

Mafuta ya bibi yaliyobaki tulikuja nayo Unguja. Tumeyakaangia samaki, na kila tukilitazama lile dumu tunacheka, halafu tunanyamaza kidogo.

Allah atujaalie ndimi za kweli na wakwe wenye subira. Aamin.