Walitoa Nini?

Mama ana kovu refu chini ya kitovu. Alipasuliwa mwaka 2011, hospitali moja ya huko kwetu. Tumbo liliporudi kumsumbua mwaka jana, daktari wa hapa Nairobi alimuuliza, "Mama, walitoa nini?"

"Uvimbe."

Uvimbe wa wapi? Ovari ziliguswa? Mama akanigeukia, ati mimi ndiye niliyefika chuo, ingawa nilikiacha mwaka wa pili.

Nikapanda matatu kwenda kutafuta faili. Karani wa rekodi, mpole kweli, alipekua rafu karibu saa nzima. Akapata kadi ya kliniki na risiti. Ukurasa wa upasuaji, hakuna. Na huo ndio ukurasa wenyewe: nani alishika kisu, alikuta nini, alitoa nini, aliacha nini, pamba zilihesabiwa au la kabla ya kushona.

Tunapenda kudhani hatari iko kwenye kisu. Februari 2018, katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, madaktari walifungua kichwa cha mtu wakitafuta damu iliyoganda ubongoni. Haikuwepo. Vitambulisho vya wagonjwa wawili vilikuwa vimechanganywa. Huyu alikuwa na uvimbe tu, hakuhitaji kupasuliwa.

Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya mambo 19 ya kukagua thieta mwaka 2008: jina, sehemu ya kupasuliwa, mzio, hesabu ya vifaa. Ilijaribiwa katika hospitali 8, mojawapo Ifakara, Tanzania, na vifo vikashuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Karatasi moja tu, jameni! Ndiyo maana nikisikia dawa ya kila kitu ni kompyuta, nasita. Kompyuta ni sawa, lakini daktari asipoandika baada ya upasuaji wa tatu usiku huo, itahifadhi ukurasa mtupu. Na mgonjwa apewe nakala yake. Ukinunua simu unapewa risiti; ukitolewa kiungo unapewa panadol.

Mama alipasuliwa tena, daktari akienda kwa kubahatisha. Alipotoka alituambia ovari ya kulia haipo, iliondolewa zamani. Mama alinyamaza kitambo. Miaka yote hiyo, hakuna aliyewahi kumwambia.

Nilimwomba daktari atuandikie. Aliandika nusu ukurasa, akatia sahihi. Mama ameuweka kwenye bahasha moja na hati ya shamba.