Mordor ya Kulipia, Ruiki ya Bure

Kule Matamata, New Zealand, kuna mlango wa kijani wa mviringo wenye kitasa cha shaba katikati, na watu wanapanga foleni ili wapigwe picha mbele yake. Nyuma ya mingi ya milango ile hakuna kitu. Ni udongo tu. Nimelipa zaidi ya dola mia moja za huko, tena kwa kila mtu mzima, ili nizungushwe kwenye vibanda 44 vya watu ambao hawajawahi kuzaliwa. Na kinachoniudhi zaidi ni kwamba nilifurahi.

Safari ilikuwa ya binti yangu. Yeye ndiye aliyetukalisha mbele ya filamu tatu za The Lord of the Rings za Peter Jackson, ile ya 2001, ya 2002 na ya 2003, moja baada ya nyingine, mpaka baba yake akalala na viatu. Tunakaa Palmerston North, kwa hiyo njia ni kushika barabara kuu namba 1 na kupanda kaskazini. Tulimchukua na jirani yetu, mtu wa Goma, kwa sababu gari lake ni kubwa na kwa sababu sombe la mke wake halina mpinzani kisiwani. Mimi nilibeba chikwange ya muhogo. Wenzetu njiani wanakula mkate baridi wenye jibini. Sisi tulisimama pembeni ya barabara tukafungua sufuria, na wapita njia wakatupungia mkono.

Tulianza na mlima, lakini kwanza nimalize hasira zangu za Matamata.

Shamba ni la kondoo, la familia ya Alexander. Mwaka 1998 watu wa Jackson waliliona kutoka angani wakalipenda. Wakaelewana na wenyewe, jeshi la nchi likasaidia kutengeneza barabara ya kuingilia, kijiji cha Hobbiton kikajengwa kwa vitu vyepesi vya kubomolewa baadaye. Kweli wakaanza kubomoa, mvua ikawazuia, na kondoo wakaendelea kula majani kati ya mashimo yaliyobaki. Watu wakaanza kuja kutazama magofu ya uongo! Wenye shamba hawakulala. Jackson aliporudi kutengeneza The Hobbit, safari hii kijiji kikajengwa cha kudumu. Sasa kuna bustani zenye kabichi za kweli, vinguo vidogo vimeanikwa kwenye kamba, hata baa ipo, ilifunguliwa 2012. Juu ya kilima umesimama mwaloni ambao haujaota hata jani moja, maana shina ni chuma na silikoni, na majani yalitoka Taiwan. Kwetu Tshopo, Kongo, miti ya kweli inateremshwa na mto kwa mafungu kwenda kuuzwa. Hawa wananunua majani.

Kijana aliyetuongoza alisimama kwenye kijia akasema, kwa sauti ya chini, kwamba hapa ndipo alipopita Frodo. Watu wakashusha pumzi kama waumini waliofika Lourdes. Mama mmoja alifuta machozi. Nikamgeukia jirani yangu, naye akaninong'oneza: "Dada, huyo Frodo alikuwa nani katika Serikali?"

Hapo nikamkumbuka mjomba.

Mjomba wangu wa Lubunga, mjini Kisangani, ana hadithi moja, na amekuwa akituchosha nayo katika kila matanga na kila harusi: kwamba baba yake aliwabebea mizigo wazungu wa sinema kwenye mto Ruiki. Tulikuwa tunamwitikia tu, tunamwongezea bia. Nani aje kupiga sinema kwenye njia ya Ubundu? Nimefika ughaibuni ndipo nikajua kwamba mzee hakuwa akituongopea. Mwaka 1951 John Huston alikuja mpaka Biondo, kwenye Ruiki, kupiga The African Queen. Alikuja na Humphrey Bogart na Katharine Hepburn, na mke wa Bogart, Lauren Bacall, akafuatana nao bila kuwa na kazi kwenye filamu. Wenyeji waliwajengea kambi. Boti ya filamu ilizama, ikabidi ivutwe kutoka chini ya maji. Karibu kila mtu aliharisha isipokuwa Bogart na Huston, ambao walijisifu kwamba hawakugusa maji, walikunywa wiski tu. Hepburn, aliyewasema kwa ulevi wao na kunywa maji yake kwa heshima, ndiye aliyeugua vibaya. Baadaye wakahamia Uganda kumaliza vipande vingine. Bogart alipata Oscar yake kwa filamu hiyo, na Hepburn akaandika kitabu kizima kuhusu mateso yale mwaka 1987. Boti yenyewe inaelea leo Key Largo, Florida, na watalii wanaipanda kwa tiketi.

Na si huyo tu. Mwaka 1958 alikuja Hepburn mwingine, Audrey, wala si ndugu yake, akavalishwa utawa na kupigwa picha Stanleyville, yaani Kisangani ya leo, kwa ajili ya The Nun's Story. Yaani mji mmoja, Hepburn wawili, ndani ya miaka saba. Sasa nenda Makiso, katikati ya mji huo, umuulize leo kijana wa toleka, baiskeli ya abiria, akupeleke alikopita Hepburn. Atakuuliza ni duka la nini, kisha atakutajia bei.

Hakuna kibao. Hata ubao wa mbao ulioandikwa kwa mkaa haupo.

Kinachonichoma zaidi ni kwamba siku hizi wakitaka Kongo hawaji hata kuharisha. The Legend of Tarzan ya 2016, hadithi nzima ya kwetu, Mfalme Leopold na watu wake na misitu yake, waliipiga Uingereza kwenye studio za Leavesden. Msitu wetu ulipandwa ndani ya jengo. Picha za kutoka angani wakazichukua Gabon. Na ile filamu ya 1995 iliyoitwa Congo waziwazi, yenye volkano na sokwe, sehemu yake waliipiga Costa Rica. Binti yangu akasema labda ni sababu ya usalama. Labda. Lakini hapo hapo tulikuwa tumetoka kupita jangwa la Rangipo, karibu na Waiouru, eneo la mazoezi ya jeshi, ambako Jackson alipiga vita vya Lango Jeusi. Jeshi lilipekua kwanza ardhi ile, maana ilikuwa na makombora ambayo hayajalipuka, halafu askari wa jeshi hilo wakavishwa nguo za filamu wakapigana kwa ajili ya kamera. Binti alisimulia kwa furaha. Sisi watu wazima wawili mbele ya gari tulinyamaza kidogo. Juni 2000 majeshi mawili ya majirani, la Uganda likiwa mojawapo, yalipigana siku sita katikati ya Kisangani, na hayakuwa yanaigiza. Mwaka 2022 mahakama ya The Hague iliiamuru Uganda ilipe dola milioni 325 kwa yote iliyoyafanya Kongo. Pesa hizo zimemfikia nani, waulizeni waliojiandikisha, mimi shinikizo langu la damu halitaki.

Turudi mlimani.

Ngauruhoe ukimwona kutoka barabarani unaelewa kwa nini walimchagua awe Mlima wa Maangamizi. Amechongoka vizuri mno, mita 2,287, mweusi, theluji kidogo kichwani. Alilipuka mara ya mwisho 1975. Njia inayopita miguuni pake, Tongariro Alpine Crossing, ni karibu kilomita 20, na basi linakushusha Mangatepopo alfajiri na kukusubiri Ketetahi jioni. Kuna njia za mbao juu ya tope. Kuna vyoo. Ndugu zangu, kuna vyoo kwenye volkano, na vina karatasi! Baada ya Te Maari kulipuka Agosti 2012 na kurusha mawe yaliyotoboa paa la kibanda cha wapandaji, waliweka taa za onyo njiani: ikiwaka nyekundu, unageuka, hakuna mjadala.

Mimi na binti tulipanda. Ngazi zile wanaziita za shetani, nami sina neno la kuongeza. Ukishafika kwenye ukingo wa Kreta Nyekundu, harufu ya kiberiti inakukaba, halafu unateremka kwenye kokoto laini ambazo kila hatua inakwenda hatua mbili, mikono hewani, mpaka kwenye vijiziwa vya kijani kibichi ambavyo ukiona picha yake unadhani mtu ameongeza rangi. Ni madini. Mbele kidogo kuna ziwa la buluu, takatifu kwa watu wa Ngāti Tūwharetoa, nawe unaombwa usiguse maji yake wala usile kando yake. Kilele cha Ngauruhoe vilevile: hakuna ukuta wala askari, ila unaombwa usikipande, kwa kuwa kichwa cha mkubwa hakikanyagwi. Ndiyo maana sehemu kubwa ya Mordor, nchi ya adui katika filamu, waliipiga kwenye miteremko ya Ruapehu, jirani yake. Mwaka 1887 chifu Horonuku Te Heuheu alivikabidhi vilele hivyo kwa Taji, na ikawa mbuga ya kwanza ya taifa nchini humo. Kama ilikuwa zawadi kweli au mkataba uliopindishwa, wanabishana hadi leo. Lakini angalau jina la aliyetoa linatajwa. Sisi Virunga yetu ilitangazwa 1925 na Mfalme Albert, na sijawahi kusikia aliyeulizwa.

Jirani yangu wa Goma hakupanda. Alibaki kwenye gari na sufuria.

"Mimi volkano ilinifuata mwenyewe nyumbani," alisema. "Siwezi kulipa nauli kwenda kumtembelea."

Huyu mtu mwaka 2002, tarehe 17 Januari, alikimbia na mama yake na godoro moja, na Nyiragongo akapita katikati ya mji mpaka ziwani, akameza na sehemu ya uwanja wa ndege. Waliporudi, jiko lilikuwa chini ya jiwe jeusi lenye joto. Wakajenga juu yake, kwa jiwe hilo hilo, kama Goma yote. Mei 2021 akiwa tayari huku, alikesha na simu, dada zake wako njiani kwenda Sake, mji mzima unatembea usiku kwa sababu lava ilikuwa imetoka bila onyo na kusimama ukingoni mwa mji. Halafu binti yangu akamwonyesha programu kwenye simu inayoeleza hali ya kila volkano ya New Zealand, kwa namba, kutoka sifuri hadi tano, bure. Aliitazama muda mrefu. Akasema, "Sifuri. Wanakwambia hata wakati ambapo hakuna kitu."

Nyiragongo nami niliwahi kumtamani, zamani, nilipokuwa nasoma Goma. Wakati ule watalii walipanda kutoka Kibati kwa muda wa saa tano, sita, wakalala ukingoni kwenye vibanda, wakachungulia ziwa la moto usiku kucha, kwa dola ambazo mwanafunzi hana. Sikupanda. Mji wenyewe uliangukia mikononi mwa waasi Januari 2025, na mlima ukawa hauendeki. Binti alilipa nauli ya basi kwenda kwenye volkano ya filamu. Ile ya kweli ya kwao ataiona kwenye simu.

Nilipoanza kusema kwamba tungekuwa na kibao kimoja tu Biondo, kimoja tu kwenye maporomoko ya Wagenia, jirani yangu alinikata. Kibao cha nini? Ukiweka kibao, kesho kuna kamba, keshokutwa kuna bwana mwenye beji. Na hapo sina la kumjibu, maana likizo iliyopita nilipiga picha moja ya Wagenia, ya mvuvi akining'inia kwenye miti juu ya maji yanayochemka, akivuta dema lake refu lenye umbo la koni, samaki wawili ndani, na kabla sijashusha simu walikuja wanaume watatu, kila mmoja na idara yake. Kibali kiko wapi? Ordre de mission? Tulimalizana kwa madesu ya bana, yaani hongo. Mvuvi hakupata kitu. Alitucheka sote kutoka juu.

Lakini watu wa Matamata nao walikuwa na kondoo tu, namwambia. Ndiyo, anasema, na waliachiwa shamba lao. Hapo tulikuwa tumefika Taihape na mabishano yalikuwa bado. Binti amevaa vipokea sauti, chikwange imekwisha, na mimi nasema kwa sauti kubwa kuliko inavyofaa kwamba mtu hawezi kulinda historia kwa kuificha, naye anasema kwamba mimi ni mtu wa Kisangani, nimezoea mto, mto haukufuati hadi kitandani.

Nilipofika nyumbani nilimtumia mjomba picha ya mlango wa kijani, na chini yake nikamwandikia jina Bogart, ili aone kwamba namwamini. Akanijibu kwa ujumbe wa sauti wa dakika tisa. Amefurahi kwamba hatimaye nimepata akili. Anataka pesa ya mafuta na ya pikipiki aende Biondo kutazama kama nguzo za kambi zimebaki, ingawa tangu makabila ya Wambole na Walengola yagombane njia ile si ya kuamini sana. Chifu wa huko lazima apewe kitu kwanza. Kibao atakichora mwanawe, ana mwandiko mzuri. Atakayetaka kupiga picha kando ya Ruiki atalipa dola kumi, Mkongomani tano, na shangazi yangu wa Barumbu, ambaye hajawahi kumwamini hata siku moja, ishirini.