Leicester na Saa 20 za Mwanafunzi

Mji wa Leicester uko katikati ya Uingereza, mbali na bahari, ambako mwezi wa Desemba Magharibi huingia kabla ya saa kumi. Hata hivyo, mtu wa pwani hajihisi mgeni kabisa. Familia nyingi za Kihindi kutoka Kenya na Uganda zilihamia huko miaka ya 1960 na 1970, na wapo wazee ambao Kiswahili hakijawatoka ulimini. Karibu na stesheni ya reli pana msikiti. Ukipanda London Road wafika Victoria Park, na kando yake Chuo Kikuu cha Leicester.

Katika maduka na mikahawa ya mji huo hufanya kazi wanafunzi wengi wa kigeni, na kila mmoja huhesabu saa zake. Mwenye viza ya mwanafunzi anayesomea shahada huruhusiwa saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, Jumatatu hadi Jumapili. Likizo ikiingia, aweza kufanya kazi kutwa. Saa alizobakisha wiki hii hazihamii wiki ijayo, na kazi isiyo na ujira nayo huhesabiwa. Anayesomea uzamili ajue kuwa miezi ya kuandika tasnifu si likizo.

Kina mama, hapa ndipo penye kuwahusu zaidi. Mara nyingi twasema, “Binti yangu ana mikono, hatalala njaa.” Lakini kupaka hina kwa malipo, kusuka nywele au kupika biriani ya kuuza ni kujiajiri, na viza hiyo hairuhusu kujiajiri. Hali kadhalika kijana anayepeleka vyakula majumbani kwa baiskeli kama mtu aliyejiajiri.

Sasa tupige hesabu. Kuanzia Aprili 2025 ujira wa chini kwa aliyetimiza miaka 21 uliwekwa pauni 12.21 kwa saa. Saa 20 ni pauni 244 kwa wiki. Wiki 30 za masomo ni kama pauni 7,300. Ada ya mwanafunzi wa kigeni mara nyingi hupita pauni 15,000 kwa mwaka, bado kodi ya chumba na chakula.

Basi anayeuza kiwanja cha urithi kulipa ada ya mwaka wa kwanza, akitarajia mtoto ajilipie uliobaki, amemtwika mzigo asioweza kuubeba. Na simu zetu za “tutumie chochote” ndizo zinazomsukuma kwenye saa ya 21, ambayo yaweza kumfutia viza na kumrudisha nyumbani bila shahada.

Viza ni mkataba, na Muislamu hutimiza ahadi zake hata ugenini. Kabla ya safari, familia ikae ihakikishe ada ya miaka yote. Ujira wa mwanafunzi uwe kitoweo, usiwe wali.

Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu popote walipo. Wabillahi tawfiq.